Deni la Anayeuliza

Mwenye mji ni nani? Mwenye hati ya ardhi hujibu upesi, na mhandisi mwenye ramani hana shaka. Mpangaji wa chumba cha mabati, asiye na hati wala ramani, aghalabu haulizwi. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na mpangaji huyo akaulizwa.

Kaya zipatazo 100,000 zilikusanywa kumi kumi, kila kumi likatoa msemaji wake, na wasemaji wakakutana kumi kumi tena. (Hesabu hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki, ila safari hii maneno yalipanda badala ya amri kushuka.) Wenyeji walisema waliyoyajua: kwamba maji ya dumu huwagharimu maskini kuliko maji ya bomba yanavyowagharimu matajiri, kwamba choo kilicho mbali, usiku, si choo kwa mwanamke. Zito kuliko yote lilikuwa la njia. Kanuni za kawaida za upana wa barabara zingefuta nyumba nyingi mno, basi wataalamu wakaridhia njia nyembamba zaidi.

Wako waonao kuomba rai kuwa ni adabu tu, kama chai anayopewa mgeni. Wamekosa. Aliyeulizwa ametoa jioni zake, amefunua shida za nyumba yake, na pengine amekubali ukuta wake ukatwe kwa faida ya jirani. Aliyepokea hayo amekopa. Halazimiki kufuata kila neno, maana maneno ya watu wengi hupingana. Hulazimika kurudi na kueleza lipi limeachwa na kwa nini, kabla ya nyundo, si baada yake.

Kwa kipimo hicho Mukuru ina sura mbili. Tangu 2020 barabara zilijengwa, mabomba yakalazwa, hospitali zikafunguliwa. Lakini Novemba 2021, katika Mukuru kwa Njenga, matingatinga yalibomoa makao ya maelfu ya watu ili kupisha barabara, na wakazi wakalalamika kwamba hawakupewa muda wa kutosha. Yamkini barabara ile ilikuwa na haja yake. Mji hauishi bila njia. Ila mpangaji aliyelala nje usiku ule, na ambaye kumi lake lilikwisha kusikilizwa, alikuwa na haki ya kuuliza rai yake iliwekwa wapi.