Kunguru na Dhana Mbaya

Katika Surat al-Maida twasoma kwamba Mwenyezi Mungu alimpeleka kunguru afukue ardhi, ili mwana wa Adamu aliyemuua nduguye ajue namna ya kumsitiri. Ndege huyu basi ni mwalimu wetu wa tangu zamani. Na huyu wa mjini, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 akaenea pwani hata kwetu Malindi, twamwona akiokota kipande cha samaki akaenda kukificha.

Mwaka 2001 wataalamu wa Cambridge walieleza jambo la ajabu juu ya ndege wa Amerika wa ukoo huu wa kunguru. Akificha chakula huku mwenziwe akimtazama, hungoja abaki peke yake, kisha hukifukua akakificha pengine. Lakini wafanyao hivyo ni wale waliokwisha kuiba akiba za wenzao. Asiyepata kuiba hakukihamisha, ingawa naye alitazamwa. Kumbe mwizi hupima moyo wa mwenziwe kwa pishi ya moyo wake.

Ndege hana taklifu, wala hatumlaumu. Swali ni letu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta majimaji chini, akamkemea mwenye mali. Leo yuko apangaye embe nzuri juu na mbovu chini ya kikapu. Huyo, akienda kununua, hana budi kupekua kila kikapu cha watu. Adhabu yake ya kwanza ni kutomwamini mtu.

Atauliza muulizaji: je, asiyeshuku si ndiye aibiwaye? Swali hili si la kupuuzwa. Sisi wenyewe katika darsa tulikopeshana fedha tukaona haya kuandika. Haukupita muda tukawa twatazamana kwa pembe za macho. Haya yetu ndiyo iliyozaa dhana.

Surat al-Hujurat yatukataza dhana nyingi, na aya ya deni katika al-Baqara yatuamuru kuandika na kushuhudisha. Amri mbili hizi hazipingani: hati ikiilinda mali, moyo hauna haja ya kushuku. Kunguru hana kalamu wala shahidi. Hana ila kufukua na kufukia. Sisi tumepewa vyote viwili. Aandikaye deni la nduguye hamtuhumu, bali auhifadhi udugu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo na mizani zetu. Amin.