Je, Kumficha Mgonjwa ni Huruma?

Wazee wetu walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hii tumezoea kumsomea mgonjwa aonaye haya kusema alipo na maumivu. Lakini iko namna nyengine ya kuficha maradhi, nayo mithali hatuisomi: nayo ni pale maradhi yanapojulikana na daktari, yakajulikana na mke na wana na jirani wa nyumba ya tatu, na asiyeyajua akawa mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye mwili. Jambo hili hutokea khasa katika ugonjwa wa saratani. Twaona yafaa kulitia katika mizani ya akili, tupate kujua kama tulitendalo ni huruma, au ni khofu yetu wenyewe iliyovaa kanzu ya huruma.

Jina la ugonjwa huu lenyewe latisha. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, na kwa Kiyunani vivyo hivyo, kwa kuwa matabibu wa kale waliona mishipa iliyotanda kandoni mwa uvimbe wakaifananisha na miguu ya kaa. Watu wakaliogopa jina hata wakakimbilia maneno mengine: "uvimbe", "kidonda cha ndani", "maradhi yale". Wala tusidhani kuwa hii ni ada ya watu wetu peke yao. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Donald Oken, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake kwa madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago. Madaktari 90 katika kila mia walisema kuwa hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali kama lile liliulizwa kwa madaktari wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Rochester, nchi ile ile, na 97 katika kila mia wakasema kuwa hupendelea kumwambia. Ni miaka 18 tu baina ya jawabu hizi mbili. Hapana shaka moyo wa mwanadamu haukuumbwa upya katika muda huo. Kilichogeuka ni kuwa matibabu yaliongezeka, na watu wakafahamu kwamba mtu hawezi kukubali wala kukataa jambo asilolijua.

Wenye kuficha wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Husema: khofu huua kabla ya ugonjwa, mwacheni mzee ale, alale na acheke siku zake zilizosalia. Maneno haya hutoka katika mapenzi, lakini yana kasoro tatu.

Ya kwanza ni kwamba mgonjwa hafichiki. Mwili wake humwambia. Huona nguo zikimpwaya, huona wanawe wakinong'onezana mlangoni na kunyamaza aingiapo, husikia sauti ya mkewe ikitoka kooni si moyoni. Basi khofu haikuondoka. Kilichoondoka ni mtu wa kuisema naye. Naye mara nyingi hujifanya hajui ili asiwahuzunishe wao, kama wao wanavyojifanya ili wasimhuzunishe yeye. Nyumba nzima ikawa na watu wapendanao, na kila mmoja analia peke yake.

Ya pili ni kwamba khabari ile ni mali yake. Lau mtu angepokea barua yenye jina la mwenziwe, akaifungua, akaisoma mbele ya baraza, kisha akamficha mwenyewe, tungemwita muhaini. Je, barua ikiwa imeandikwa ndani ya mwili wa mtu, ndipo inapokuwa halali kuisoma na kumficha? Daktari ni amini, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni wakati. Mtu ajuaye kuwa siku zake ni chache hulipa deni, huandika wasia, humwita nduguye waliyegombana naye akamwomba radhi, huamua kama shamba liuzwe kwa safari ya matibabu au wabakiziwe watoto. Asiyejua hupitwa na hayo yote, na baada yake warithi huingia mahakamani kwa neno ambalo lingesemwa kwa dakika tano. Sisi tuliomficha tulidhani twamwondolea huzuni. Kumbe tumemwondolea fursa, na fursa hiyo haina kulipwa.

Ama baada ya kusema hayo, iko dhulma ya upande wa pili, nayo ni ya wale wadhanio kuwa ukweli wautosha ulimi, hauhitaji moyo. Mgonjwa huambiwa akiwa amesimama ukumbini, mbele ya watu wanaongoja zamu, na daktari ametazama karatasi hakumtazama uso. Akaambiwa kwa Kiingereza asichokijua, na mfasiri akawa ni mtoto wake wa miaka kumi na miwili. Huyo hakuambiwa ukweli, ametupiwa. Ukweli usiofahamika haujafika, kama mzigo uliotupwa baharini kabla ya jahazi kufunga nanga.

Tena hata Kiswahili kinapotumika, yataka uangalifu. Lugha yetu ina neno kutibu, na neno kuponya, na neno kutuliza, na haya si mamoja. Daktari asemapo, "Tutaanza matibabu," huenda akilini mwake ana dawa za kupunguza uvimbe na maumivu tu, zisizotazamiwa kuuondoa ugonjwa. Mgonjwa naye husikia, "Utapona." Wakaachana kwa amani, kila mmoja na maana yake, na baada ya miezi mitatu mgonjwa akaona amedanganywa, hali hakuna aliyesema uwongo. Neno moja la kufafanua lingetosha.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeligusa jambo hili. Yamlazimu mtoa matibabu kumjulisha mgonjwa hali ya afya yake, na njia za matibabu zilizopo, na faida zake, hatari zake na gharama zake, isipokuwa pale penye ushahidi wa nguvu kwamba kumjulisha hali yake hakutamfaa. Tena yataka ajulishwe, iwezekanapo, kwa lugha aifahamuo na kwa kadiri ya elimu yake. Basi anayeuliza, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili," haombi fadhila. Adai haki yake.

Na namna ya kusema hufundishika. Karne ya 9 ya Miladi, Ishaq bin Ali al-Ruhawi aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya adabu za tabibu, na hiyo ni dalili kwamba ulimi na dawa havikutengwa tangu kale. Katika zama zetu, mwaka 2000, madaktari Walter Baile na Robert Buckman pamoja na wenzao walipanga hatua sita za kumpa mgonjwa wa saratani khabari nzito. Kwa ufupi ni hizi: kaa naye mahali pa faragha, muulize anajua nini juu ya ugonjwa wake, muulize anataka kujua kiasi gani, mwambie kwa maneno mepesi, kidogo kidogo, nyamaza umpe nafasi ya kulia au kukasirika, na umwonyeshe kuwa umeiona huzuni yake, kisha mpange pamoja litakalofuata.

Hatua ile ya tatu yataka kuzingatiwa. Wako watu ambao wakiulizwa watasema, "Mwambieni mwanangu mkubwa, mimi nitibuni tu." Huyo naye ana haki yake, na si adabu kumlazimisha kusikia. Lakini sharti neno hilo litoke kinywani mwake yeye. Mwana hana ruhusa ya kulisema kwa niaba yake kabla hajaulizwa.

Watajibu wengine kuwa madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli, na twawaonea huruma, kwani nao ni wanadamu wachokao. Lakini mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walisikiliza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa, wakaona kuwa kwa wastani daktari alimkata mgonjwa kauli baada ya nukta 18. Na wale walioachwa wamalize maneno yao, hapana hata mmoja aliyepita dakika mbili na nusu. Mara nyingi, basi, kinachopungua si wakati, ni sikio.

Tena faida yake haikomei moyoni. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea mwilini. Wote walipewa matibabu ya kawaida. Sehemu yao wakaongezewa tangu mwanzo tiba shufaa, yaani uangalizi wa kupunguza maumivu na mashaka, pamoja na mazungumzo juu ya hali yao na matakwa yao. Hawa walikuwa na unafuu zaidi na majonzi machache zaidi. Na ingawa wachache wao walipewa matibabu makali mwishoni, muda wao wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6, na wa wenzao miezi 8.9. Hatusemi kuwa maneno huponya saratani. Twasema kuwa aliyetulizwa, akasikilizwa, akajua alipo, hakufa mapema kwa kujua kwake, kama wanavyokhofu wenye kuficha. Na nchini mwetu tiba ya namna hii si ngeni. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990.

Basi ndugu wasomaji, lawama isiwe ya madaktari peke yao. Ni sisi tunaomngoja daktari mlangoni tukamwambia, "Tafadhali, mama asijue." Tumwache aingie. Tuingie naye, tukae upande wa kitanda, tuuushike mkono wa mgonjwa wakati neno linaposemwa, tuulize tusipofahamu, tuandike tutakayosahau. Na akitoka daktari, sisi tusitoke. Mgonjwa aweza kuubeba ukweli ulio mzito akiwa na wa kumsaidia kuubeba. Asichokiweza ni kuachwa peke yake katika nyumba iliyojaa watu.