Meno ya Watoto Wetu na Maji Tunayowanywesha

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mtoto ni amana. Tukiitaja amana hii, wengi wetu hufikiri chuo na Sala, na hayo ndiyo ya kwanza. Walakini mwili wa mtoto pia umo katika amana, na meno ni katika mwili. Hapa Nakuru, na Gilgil, na Elementaita, na Naivasha, twawaona watoto wengi ambao meno yao ya ukubwani huota yana madoa ya kahawia, na mengine yana vishimo na humeguka. Wako wasemao ni uchafu. Wako wasemao ni urithi wa ukoo. Na wako wamsuguao mtoto kwa mchanga mpaka ufizi ukatoka damu. Huku ni kutenda pasipo elimu.

Sababu yake ni maji. Bonde la Ufa ni nchi ya milima iliyopata kutoa moto, na mawe yake yana madini yaitwayo floraidi, ambayo huyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya Bonde hili vimeupita mpaka huo. Floraidi ikiwa kidogo huyatia meno nguvu, ikizidi huyaharibu. Na madhara hayo huingia jino likiwa bado chini ya ufizi, tangu mtoto kuzaliwa hata kufikia kadiri ya miaka 8. Doa likionekana, jambo limekwisha zamani, na mswaki hauliondoi.

Basi kinga ni kabla, si baada. Yajueni haya:

Kwanza, kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi; maji yakipungua chunguni, floraidi iliyobaki huzidi ukali.

Pili, maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Mwenye mabati na akinge, na maji hayo awawekee wadogo kwa kunywa na kupikiwa.

Tatu, magadi yatiwayo katika maharagwe na mboga huwa na floraidi nyingi, na majani ya chai kadhalika. Mtoto mdogo asizoezwe hayo.

Nne, maji ya kisima yapimwe, na yakizidi mpaka yachujwe kwa makaa ya mifupa, ambayo huishika floraidi. Makaa ya kuni hayatoshi. Na makaa ya mifupa nayo huchoka, hubadilishwa.

Hapa huulizwa: maji yaliyopita katika mifupa ni tahara? Jawabu: mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa kisharia ni tahara. Ama ya mzoga, madhehebu yetu ya Shafii huihesabu najisi, na Imamu Abu Hanifa huiona tahara. Basi muulize mtengenezaji mifupa yake imetoka wapi. Ikiwa ni ya machinjioni wachinjapo Waislamu, kunywa bila ya wasiwasi. Shaka tupu hainajisi kitu.

Wala mtu asikatae kwa kuwa kazi hii hapa kwetu iliendelezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru tangu mwaka 1998. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimkodi Abdullahi bin Uraiqit awaongoze njia, naye hakuwa Muislamu. Aliutazama ujuzi wake na uaminifu wake.

Haya hayaondoi mswaki. Mtume (S.A.W.) aliuhimiza hata akakaribia kuuamrisha kwa kila Sala. Mtoto asafishwe meno asubuhi na usiku tangu jino la kwanza, kwa dawa ya meno kadiri ya punje ya mchele, na afundishwe kuitema. Wala asilale na chupa ya maziwa ya sukari mdomoni, kwani hayo huozesha meno.

Na ambaye meno yake yamekwisha ingia doa, msimcheke. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Wako wasichana wanaoziba midomo wakicheka, nao hawana kosa lolote. Mwalimu wa chuo asikiaye mzaha huo akanyamaza, ameshiriki. Mzazi awezaye na ampeleke mtoto kwa daktari wa meno, kwani madoa mengi hupunguzwa au hufunikwa.

Mwisho nawaambia jamaa wa misikiti: paa la msikiti ni pana, na mvua ni rehema ya bure. Tunaochanga fedha za karamu hatushindwi kuchanga tangi moja, watoto wa chuo wakapata maji yasiyowadhuru. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea, na kila mnywaji ni thawabu.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuwezeshe kuitenda. Amin.