Moshi Haungoji Leseni

Mwekezaji anapoingia kijijini hatangulizi moshi. Hutanguliza turubai, viti vya plastiki, soda na neno moja ambalo hakuna baraza linaloweza kulikataa: ajira. Wala wanakijiji si wajinga kulipenda neno hilo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akashinda kibarazani mwaka baada ya mwaka, huwezi kumwambia angoje wataalamu wapime udongo kwanza. Kwa hiyo anayekisimulia kisa cha Owino Uhuru kana kwamba wakazi wake walilala, anawaonea. Walitaka kazi, wakaipata, na bei yake ikaja kupimwa katika damu ya watoto wao.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mikindani, Mombasa, nyumba za udongo na mabati zilizobanana. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwao. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Betri hupasuliwa, tindikali ikamwagwa, na vibamba vya ndani vikatiwa tanuruni mpaka madini ya risasi yatiririke. Madini hayo yana soko. Kilichobaki jirani waligawiwa bure: moshi, vumbi juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, na maji machafu yaliyopita mtaani ambako watoto huchezea. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale ukuta ulikuwapo tangu siku ya kwanza, na haukuzuia kitu.

Risasi ina hila. Haina harufu ya kumshtua mtu. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaiweka akiba ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Kisha mwanamke akishika mimba, mifupa huitoa akiba ile na sumu ikamfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto hushika ubongo: anakuwa mzito wa masomo, na mwalimu anamwita mvivu. Kwa mtu mzima ni tumbo kuuma, shinikizo la damu, mimba kuharibika. Kila dalili ina jina jingine tulilolizoea, malaria, homa ya matumbo, jicho la hasidi, na ndiyo maana mtaa mzima unaweza kuugua pasiwe na mtu wa kugeuka akakitazama kiwanda.

Aliyegeuka alitoka ndani. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kazi iliyopaswa kumalizika kabla tanuru halijawashwa. Wataalamu wakashauri kiwanda kihamishwe. Wakubwa wakamhamisha yeye, wakampa shughuli nyingine. Haukupita muda mwanawe mchanga akaugua, hospitali ikatafuta maradhi ya kawaida isiyaone, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Sumu ilikuwa imepita kwenye maziwa ya mama. Wakapimwa watoto wengine watatu wa mtaani. Wote walikuwa nayo. Omido akaacha kazi, akaanza kuandika barua ofisi hadi ofisi.

Yaliyofuata yanajulikana: maandamano, polisi, Omido kukamatwa mwaka 2012 na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama kumwachia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Ilikuwa heri, ila tuzo haisafishi udongo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mtaa usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Piga hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 hukumu ya mwisho iliposomwa. Jaji anaweza kuamuru shilingi zitoke benki. Hawezi kuiamuru risasi itoke mfupani.

Sasa panda basi kuelekea kaskazini, mpaka Lamu. Huko palipangwa mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe, megawati 1,050, mahali paitwapo Kwasasi, si mbali na Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni mwaka 2016. Wenyeji chini ya mwavuli wa Save Lamu hawakusubiri kuona rangi ya moshi. Walifanya jambo la kuchosha ambalo halipigwi picha: waliifungua ripoti ya tathmini, wakaisoma, wakakata rufaa. Sheria ya Kenya inatoa siku 60 tangu leseni itolewe, na hakuna ofisi itakayokupigia simu kukwambia siku zimeanza kuhesabiwa.

Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni. Sababu kubwa inafaa kusomwa polepole na kila mjumbe wa kamati ya kijiji. Baraza lilikuta kwamba mikutano iliyodaiwa kuwa ushirikishwaji wa wananchi ilifanyika kabla ya uchunguzi kukamilika. Watu walielezwa mradi ulivyo mzuri, lakini matokeo ya uchunguzi, joto la maji yatakayorudi baharini, majivu, samaki, hawakurudishiwa wayajadili. Mkutano wa kujitambulisha ukahesabiwa kuwa mashauriano, na Baraza likakataa hesabu hiyo.

Hapo ndipo mtego ulipo, na umetegwa kwenye mabaraza mengi kuliko Lamu. Unakaa, unasikiliza, unakunywa soda, kalamu inapita, unaweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Miezi baadaye karatasi ile inabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa. Basi kabla ya kalamu kukufikia, uliza ripoti iko wapi na muhtasari wake wa Kiswahili uko kwa nani, uliza maji machafu yatamwagwa upande gani, na uombe maji ya visima na damu za watoto zipimwe sasa, kabla ya kiwanda, kwa sababu kesho kampuni itadai sumu ilikuwapo tangu zamani. Ukikosa majibu na bado karatasi inasukumwa mbele yako, andika jina, na pembeni yake uandike wazi: nimehudhuria, sijaonyeshwa ripoti.