Picha ni Deni

Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha elfu na nafasi bado inabaki. Sasa kwa nini kuna vijana wanaotafuta Zenit za Kisovieti na Yashica za babu zao? Mwaka 2024 Pentax ilitoa hata kamera mpya kabisa ya filimu, Pentax 17, inayogawa kila nafasi mara mbili, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa 72. Kampuni haihangaiki hivyo kwa ajili ya wazee wachache wenye kumbukumbu.

Wengi watakwambia ni sura ya picha. Kweli, sura ipo. Lenzi ya Helios iliyokuja na Zenit, ukiifungua hadi mwisho, inazungusha majani nyuma ya mtu kama maji kwenye beseni. Jua likiingia kwa ubavu, picha inafunikwa na ukungu mwepesi. Lakini programu ya simu inaiga ukungu huo bure, na watu bado wananunua filimu.

Wengine wanasifu uchache: ukiwa na nafasi 36 tu, unafikiri kabla ya kubonyeza. Hapo sisi tuliokimbia tuna swali. Uchache ambao mtu anaweza kuuacha kesho si ndugu wa uchache wetu. Nani aliwahi kusimama kwenye foleni ya posho akasema foleni inamjenga? Na kamera ya polepole haimfanyi mtu kuwa mwema. Wakoloni walipiga picha za watu wetu kwa kamera nzito za miguu mitatu, wakawapanga kama mbuzi wa mnada.

Mimi naona siri iko kwenye deni. Waliokuwa Bukavu na Uvira wanakumbuka: unaenda studio, unaazima koti, unatoa avansi, unapewa kakaratasi, "rudi siku ya nne." Wewe hujaiona picha, na mpiga picha naye hajaiona. Mkanda uko gizani ndani ya kamera, mpaka uishe, uingie kwenye dawa, ukauke, ndipo uso wako utoke kwenye karatasi. Siku zote hizo mnadaiana: yeye anakudai pesa iliyobaki, wewe unamdai sura yako. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, sababu filimu ilikuwa ghali. Angalia watu wale walivyokaa. Hakuna anayeomba huruma.

Mgeni anayekuja hapa kambini anashuka kwenye gari, anapiga mia mbili kabla ya chakula cha mchana, anaondoka. Hatumdai kitu, hana habari ya kutudai. Na tusiisingizie kamera yake ya kisasa: angeweza kumtumia mama picha yake palepale, ni rahisi kuliko zamani zote. Zamani deni lilikuwa ndani ya kazi yenyewe, huwezi kulikwepa. Sasa ni hiari, na kwa hiari watu husahau.

Ila deni linahitaji kesho. "Rudi siku ya nne" ni neno la mtu anayeamini kwamba siku ya nne ipo, na nyote mtakuwepo. Vita vilipofika, kuna waliovuka ziwa na kakaratasi mfukoni. Mpiga picha naye alikimbia, negativu zikabaki kwenye makopo.

Kuna kijana hapa mwenye kamera ya filimu aliyopewa na jamaa. Kila anayempiga anamwandika jina kwenye daftari, na namba ya picha pembeni. Mkanda ukiisha anangoja mtu anayesafiri Nairobi, ndiko kunakosafishwa. Inaweza kuchukua mwezi, miwili. Juzi mama mmoja alimwuliza, "Na kama nitakuwa nimehamishwa, mwanangu?" Akafungua daftari tena, akaandika namba ya simu ya binti yake.