Subira ni ya Nani?

Wahenga walinena kuwa subira yavuta heri, na hapana atakayewabishia. Lakini hawakusema ni nani asubiri, wala heri ikishavutwa itatua mlangoni mwa nani. Swali hili huwa zito pale uchumi unapokua kwa kasi, kwani huko mfanyakazi huambiwa kila siku avumilie leo ili ale kesho.

Korea Kusini chini ya Rais Park Chung-hee ilikuwa nchi ya namna hiyo. Viwanda viliota kama uyoga. Wakati huohuo, katika soko la Pyeonghwa mjini Seoul, wasichana wadogo walishona nguo saa 14 na zaidi kwa siku, ndani ya vyumba vilivyogawanywa na dari ya kati hata mtu mzima asiweze kusimama wima. Sheria ya kazi, iliyotungwa mwaka 1953, ilitaja saa 8. Fundi mkata nguo, Jeon Tae-il, aliisoma akashangaa. Mwaka 1969 aliwakusanya wenzake katika chama walichokiita cha Wajinga, kwa kuwa walikuwa wametumikishwa pasi na kuzijua haki zao. Waliwahoji wafanyakazi, wakawaandikia wakuu. Walichopata ni ahadi. Tarehe 13 Novemba 1970, polisi walipoyazuia maandamano yao, Jeon alijitia moto, akafariki akiwa na umri wa miaka 22.

Kifo kile si cha kuigwa. Ni cha kuulizwa. Aliyebisha hodi kila mlango wa halali, je, alikosa subira? Subira ina masharti mawili: anayesubiri awe ameridhia mwenyewe, na aliyeahidi awe anaisogelea ahadi yake. Yakikosekana hayo, kilichobaki ni unyonge uliopewa jina zuri.

Atatokea wa kusema kuwa heri ilikuja: mwaka 1977 mauzo ya nchi hiyo ng'ambo yalifika dola bilioni 10. Ni kweli. Lakini utajiri wa nchi haukujigawa wenyewe. Kati ya Julai na Septemba 1987, utawala wa kijeshi ulipolegeza mkono, migomo zaidi ya 3,000 ilizuka, na ndipo mishahara ilipopanda kwa haraka.

Wala mgomo hauna usafi wa maji ya mvua. Humwumiza mnunuzi asiye na hatia, na karakana ndogo yaweza kufungwa isifunguliwe tena. Kwa hiyo anayegoma ana wajibu wa kupima kwanza, na kubisha hodi kabla ya kuusukuma mlango. Hata hivyo, wa kwanza kulala njaa ni yeye, kwa kuwa ujira wake ndio unaokatika mwanzo. Naye pia anasubiri. Tofauti ni moja tu: safari hii mwenye kiwanda anasubiri pamoja naye.