Deni la Kitu cha Bure

Kuna deni lisilo na stakabadhi, na ndilo linalonisumbua kila nikaapo mbele ya kompyuta kupanga sauti za kwaya.

Zamani nilitungia kwa programu niliyoinunua kwa fedha nyingi. Walioitengeneza wakaiacha, mashine mpya ikaikataa, na nyimbo zangu za miaka sita zikabaki ndani ya faili ambazo hakuna chombo kingine kiwezacho kuzisoma. Balaa la namna hii si langu peke yangu. Mwaka 2002 Apple iliinunua Emagic ya Ujerumani, watengenezaji wa Logic, na toleo la Windows likasitishwa mwaka huohuo. Nilichookoa mimi ni nyimbo chache nilizozihifadhi kwa MIDI, lugha ambayo ala za viwanda mbalimbali huelewana kwayo tangu 1983. MIDI haibebi sauti yenyewe. Hubeba habari tu: noti ipi, ilipigwa lini, kwa nguvu kiasi gani.

Hizo chache nilizifungua katika Rosegarden, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 1993, nayo hutumika kwenye Linux. Sikulipa hata senti. Lakini haikuwa mteremko. Nilipobonyeza kinanda sauti ilichelewa, kama mwangwi wa bondeni, na sikujua bado kwamba dawa yake ni kupunguza kile kipande cha sauti ambacho kompyuta hukilimbikiza kabla ya kukitoa. Nikapandwa na hasira, nikawaandikia wahusika kwa ukali kana kwamba ni vibarua wangu. Mmoja alinijibu usiku uleule, hatua kwa hatua, kwa upole. Mwishoni akaniaga: anakwenda kulala, maana asubuhi ana kazi yake ya mshahara.

Niliona aibu. Hata hivyo nauliza: aliyepewa bure hana haki ya kulalamika? Nadhani anayo. Wali ukiwa na mchanga, mgeni naye ana meno. Asichokuwa nacho ni haki ya kumfokea mpishi.

Tena wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuwa mgeni miaka mingi, na kuandika programu sijui. Jembe langu ni lipi? Paul Davis, mwanzilishi wa Ardour, ameuacha msimbo wake wazi kwa kila mtu, ila anayetaka programu iliyo tayari kutumika huombwa alipe. Wapo wauitao ujanja. Kwangu ni uungwana, kwa sababu yeye walau hulitaja deni kwa sauti.

Nami nimeanza kuandika maelezo ya Rosegarden kwa Kiswahili, kwa ajili ya walimu wa kwaya. Nimefika ukurasa wa nne. Yule aliyenijibu usiku, bado sijamwomba radhi.